Kitufe cha W

Meneja aliirudisha kompyuta mpakato ya ofisi Jumatatu asubuhi, kitufe kimoja kikining'inia kama jino bovu la mtoto. Aliiweka juu ya meza ya karani, akapangusa mikono yake kwa kitambaa, akasema mwanawe aliichezea gemu kidogo mwisho wa wiki. Katika gemu hiyo, ukitaka mtu wako akimbie mbele lazima ubonyeze W, na mtoto wa meneja alikuwa mtu wa mbio. Chai haijanywewa, kitufe kikadondoka. Pakabaki kishimo cheusi chenye kinundu cha mpira, ambacho ukikibonyeza kwa ncha ya kalamu mara kinaitika, mara kinanuna. Baadaye kikanuna moja kwa moja.

"Bosi, W haiandiki," karani alisema.

"Herufi moja tu, mama. Unazo nyingine ngapi?"

"Lakini hii inaingia kila mahali."

"Basi nakili W kutoka barua ya zamani, uwe unabandika. Mtu mwenye akili hashindwi na herufi."

Karani aliomba fundi, akaambiwa fundi ni gharama. Aliomba kibodi ya pembeni, ile ya kuchomeka kwa waya, akaambiwa bajeti imefungwa. Alipouliza itafunguliwa lini, meneja alimtazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mama yake. Wiki hiyohiyo ofisi ya meneja ilitandikwa zulia jipya.

Basi akajitungia mbinu. Kwanza anaandika ukurasa mzima bila W, kisha anarudi juu na kushuka nao taratibu, akibandika W moja moja kama mtu anayeshona vifungo. Maneno mengi yalijitangaza yenyewe. "Wenzangu" ikiwa "enzangu" haipiti machoni pa mtu mzima. "Kwenye" ikiwa "kenye" inachekesha. Maneno ya hatari yalikuwa yale ambayo hata yakinyang'anywa W yanabaki mazima, yametulia, kama mwizi aliyevaa sare za mlinzi. Hayo ilibidi ayasome kwa maana. Kusoma kwa maana kunataka utulivu, na utulivu ndicho kitu ambacho kiwanda kile cha magodoro hakikuwa nacho.

Mumewe alikuwa mkata sponji kwenye kiwanda hichohicho. Alisimama siku nzima mbele ya msumeno wa umeme, akisukuma vipande vikubwa vya sponji vigawanyike kuwa magodoro ya watu kulalia. Msumeno ule ulikuwa na kinga ya bati. Siku ambayo maagizo yalizidi, msimamizi aliifungua kinga hiyo na kuiegemeza ukutani, maana bila kinga kazi inakwenda haraka.

"Mimi bila kinga sikati," mkata sponji alimwambia.

"Unaogopa kama mke wako."

"Mke wangu haogopi. Rudisha kinga, nikate."

Msimamizi akamtukana tusi la kumtaja mama yake, mbele ya idara nzima. Mkata sponji akainua mkono kumwonyesha ile kinga pale ukutani. Msimamizi akamsukuma kifuani kwa viganja vyote viwili. Sakafu ya idara ya kukata ina vumbi la sponji, na vumbi la sponji linateleza kuliko sabuni. Mtu akaenda chali, akatupa mkono wa kulia nyuma atafute pa kushika. Alichoshika kilikuwa msumeno.

*

Walimleta ofisini, mkono umezungushiwa kitambaa kilichokuwa cheupe. Karani aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Kaa," meneja alisema. "Gari halitoki bila maelezo. Hospitali watauliza, bima watauliza. Andika anachosema, asaini, waende."

"Bosi, anavuja damu."

"Ndiyo maana nakwambia uandike upesi."

Mkata sponji alikalishwa kwenye benchi la wageni. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga. Alizungumza polepole, macho yakimtazama mkewe, kana kwamba anamsimulia nyumbani wakati wa chakula. Mkewe aliandika. Machozi yalimdondokea kwenye vidole na hakuwa na nafasi ya kuyafuta. Alichosema mumewe kilikuwa kifupi: tulibishana na msimamizi kwa sababu ya kinga. Nilitukanwa, nikasukumwa, nikaangukia msumeno. Wenzangu waliokuwa kwenye mashine ya pili waliona.

Alipomaliza, karani alirudi juu aanze kubandika. Alianza na yale yanayojitangaza: aliiokota "kwa", akaiokota "wenzangu", akaiokota "waliokuwa", akaiokota "kwenye". Hapo mkono wa meneja ukapita begani mwake, ukabonyeza kitufe cha kuchapisha, na printa ikaanza kukoroma.

"Bado sijaweka W zote."

"Utaweka kesho. Unataka mumeo afe kwa ajili ya W?"

Karatasi ikawekwa juu ya goti la mgonjwa. Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haujawahi kuandika kitu tangu azaliwe.

"Soma kwanza," karani alimwambia.

"Umeandika wewe. Nisome nini?"

Akachora kitu kilichofanana na saini. Gari likatoka.

*

Hospitali waliuokoa mkono, vidole viwili hawakuviokoa. Karani alipokuwa bado anabeba uji kupeleka wodini, aliingia ofisini asubuhi moja, akaweka W zilizobaki, akachapisha karatasi safi na kuipeleka kwa meneja.

"Ile tumeshaituma," meneja alisema bila kuinua macho.

"Ile ina makosa."

"Ile ina saini. Hii haina. Mtu akisaini, ndicho alichosema."

Hakuirudisha ile karatasi safi. Aliikunja, akaitumia kufutia duara la chai lililoachwa na kikombe mezani.

Mkata sponji alipotoka hospitalini alikuta barua ya wito wa kikao cha nidhamu. Alidhani anaitwa kuwa shahidi dhidi ya msimamizi. Alivaa shati lake la kwendea harusi. Mkewe alimfunga vifungo, na wifi yake, yaani dada wa mumewe aliyekuwa akiishi nao, alimng'arishia viatu. Nyumba nzima ilimsindikiza kwa macho kama bwana harusi.

Kikaoni meneja alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Tulibishana na msimamizi kwa sababu ya kinga. Nilitukana, nikasukuma, nikaangukia msumeno."

Mkata sponji aligeuza shingo, kama aliyedhani anayesomewa ni mtu mwingine. "Hapana. Nilitukanwa. Nikasukumwa."

"Hapa umesema ulitukana na ulisukuma. Hii si saini yako?"

"Ni yangu."

"Ulilazimishwa kusaini?"

Mkata sponji alifikiria swali hilo kwa uaminifu, na uaminifu wake ndio uliomponza. "Niliambiwa nisaini ili gari litoke," alisema. "Lakini hakuna aliyenishika mkono."

"Na aliyeandika ni nani?"

Mkata sponji aliinamia viatu vyake. Ukumbi mzima ulikuwa unajua.

Karani aliitwa. Aliulizwa kama yeye ndiye aliyeandika, akakubali. Akaeleza kuhusu kitufe, kuhusu gemu ya mtoto, kuhusu fundi aliyeombwa na kukataliwa. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, kisha akasema kompyuta iletwe.

Ilikuja ikiwa imefungwa. Meneja aliifungua mbele yake kwa heshima zote, akasema, "Tuandikie W, mama."

Kitufe kilikuwepo. Cheusi, kipya, kinang'aa, na majirani zake nao vipya vilevile, maana kibodi nzima ilikuwa imebadilishwa mwisho wa wiki ile. Bajeti iliyofungwa miezi yote ilikuwa imefunguka yenyewe, kimyakimya, kama mlango wa mgeni mkubwa. Karani alibonyeza. Mstari wa W ukatoka kwenye kioo, moja baada ya nyingine, bila kusita. Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akajifanya anakohoa.

"Hiyo imetengenezwa juzi," karani alisema.

"Inaandika au haiandiki?"

"Sasa inaandika."

"Ahsante. Unaweza kukaa."

Wale wa mashine ya pili nao waliitwa. Wa kwanza alisema alikuwa ameinama kuokota bisibisi. Wa pili alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Wa tatu hakutaja sababu, alisema tu aliinama. Kumbe siku ile idara nzima ya kukata ilikuwa imeinama, amebaki wima mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyeanguka.

Uamuzi ukasomwa palepale: mkata sponji anaachishwa kazi kwa kumtukana na kumsukuma kiongozi wake. Fidia hakuna, kwani ajali aliisababisha mwenyewe. Shati la harusi lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

*

Nyumbani wifi aliwakuta wamekaa sebuleni, kila mmoja akitazama ukuta wake. Alipoelezwa, aliuliza jambo moja.

"Nani aliandika?"

"Mimi," karani alisema.

"Wewe mwenyewe. Kwa vidole vyako kumi."

"Wifi, kile kitufe—"

"Mimi sijui vitufe. Najua kaka yangu alioa mwanamke anayejua kuandika, tukamsifu kwa watu. Kumbe tumeleta kisu ndani."

"Acha," mkata sponji alisema.

"Siachi. Asiyejua kuandika angechora hata mtu anaanguka, tukaelewa."

Karani alikwenda jikoni, akapembua mchele ambao ulikuwa umeshapembuliwa. Kilichomuuma si maneno ya wifi. Kilichomuuma ni kwamba tangu siku ile, hata yeye, katika moyo wake, alikuwa ameanza kujisemea kwamba kosa ni lake. Ndivyo walivyotaka. Mtoto wa mtu anavunja, baba yake anakataa kutengeneza, mkubwa mwingine anasukuma, na mwisho wa yote anayelala na hatia ni mwanamke aliyeomba fundi.

Mumewe alimfuata. Alijaribu kushika sinia kwa mkono wenye bandeji, likamponyoka, mchele ukamwagika. Wote wawili wakainama.

"Mimi ndiye sikusoma," alisema.

"Usianze na wewe."

"Nasema kweli. Uliniambia nisome."

"Ulikuwa unakufa. Anayekufa hasomi." Alikaa chini kabisa, sakafuni, punje za mchele zikimng'ang'ania viganjani. "Mbona sote tunagombania hili kosa kama urithi? Wenye kosa mbona hawalitaki hata kidogo?"

Sebuleni wifi alikuwa bado anazungumza peke yake, sauti ikipanda na kushuka, huku akikunja nguo. Hasira yake ilikuwa imekosa mtu wa kuipokea, sasa ilikuwa inazungukazunguka chumbani ikitafuta pa kutua.

"Eti alisukuma," alikuwa akisema. "Asukume yeye, halafu aanguke yeye. Huyo msimamizi ni ukuta? Nimsukume mtu, yeye abaki amesimama, mimi niende chali mpaka kwenye msumeno. Hata mbuzi wakipigana, anayeanguka ni aliyepigwa."

Karani alisimama mlangoni na mchele mkononi.

"Wifi, hebu rudia hayo."

"Nirudie nini? Nimekutukana vya kutosha."

"Hayo ya mwisho. Ya mbuzi."

*

Ofisi ya afisa kazi ilikuwa na foleni iliyoanzia ngazini. Walikwenda, wakaambiwa warudi. Walirudi, wakaambiwa jalada halionekani. Safari ya tatu wifi alikwenda nao, akakaa kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango wa afisa, akawa anawaeleza watu wa foleni habari yote kwa sauti ya kusikika, pamoja na habari ya mbuzi. Jalada likaonekana.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliwaita pande zote mbili. Meneja alikuja na msimamizi na kompyuta, akataka kuanza na kompyuta. Afisa akamwambia aifunge, yeye hanunui kompyuta.

"Karani, unasema nini?"

"Mama, mimi nikisema kitufe kilikuwa kibovu, wataonyesha kizima. Basi nayaacha ya kitufe. Naomba isomwe karatasi yao kama ilivyo, W zikiwa zimepungua vilevile. Na msimamizi aulizwe kwa hiyohiyo."

Afisa alisoma kimya. Aliinua macho juu ya miwani.

"Msimamizi. Wewe ndiye uliyesukumwa?"

"Ndiyo, mimi."

"Alikusukuma wapi?"

"Kifuani."

"Ukaanguka?"

"Sikuanguka."

"Ukapepesuka?"

Msimamizi alimtazama meneja. Meneja alitazama zulia, lakini ofisi ile haikuwa na zulia. "Kidogo," msimamizi alisema.

"Na msumeno ulikuwa nyuma yako au nyuma yake?"

"Nyuma yake."

"Kwa hiyo alikusukuma mbele, kisha yeye akaruka kinyumenyume, akaangukia kitu kilichokuwa nyuma yake. Nionyeshe. Simama hapa, mimi ndiye wewe. Nisukume halafu uanguke chali."

"Mama, siwezi kukusukuma."

"Mkono mwepesi tu. Nataka kuona mtu anavyoanguka kwa kusukuma."

Msimamizi alisimama katikati ya chumba, mikono imeinuliwa nusu, hajui aipeleke wapi. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili ya joto, na foleni yote ilikuwa imejaa pale ikichungulia. Jasho lilimtoka msimamizi chini ya masikio. Mwishowe alishusha mikono.

"Kinga nani aliifungua?" afisa aliuliza, sauti imekuwa ndogo.

"Niliambiwa mzigo utoke siku ileile."

"Na nani?"

Safari hii hakuwa na haja ya kumtazama meneja, maana kila mtu alikuwa anamtazama.

*

Ilichukua muda, kama haki zote za watu wasio na gari. Mwishowe mkata sponji alilipwa fidia ya vidole vyake, pungufu ya alivyotarajia na zaidi ya walivyotaka kumpa. Barua ya kumfukuza ilifutwa. Akapewa kazi ya kuhesabu magodoro ghalani, kazi isiyohitaji mkono mzima. Msimamizi alihamishiwa tawi jingine akiwa na cheo kilekile. Wale wa mashine ya pili walimjia mkata sponji mmoja mmoja na pole zao, kila mmoja akieleza kwamba ana watoto. Aliwapokea. Hakuwaambia kwamba hata yeye anao.

Karani alidhani yameisha. Asubuhi moja meneja alimwita, akamwambia, bila kumkaribisha kiti, kwamba makao makuu yamechunguza na kuona chanzo cha usumbufu wote ni uzembe katika uandishi wa nyaraka. Kwa hiyo kampuni italazimika kuachana naye.

"Uzembe wa nani?"

"Nyaraka ziliandikwa na wewe, mama."

"Kompyuta iliharibiwa na nani?"

"Tusirudi nyuma. Nenda kaandike barua yenyewe, nitakusomea maneno, kisha nisaini."

Karani hakuelewa mara moja. "Barua gani?"

"Ya kukuachisha. Ofisi ina karani mmoja, unataka aandike nani?"

Alirudi mezani kwake. Alivuta droo, akatoa kitana chake, kikombe, na kandambili za kuvaa mvua ikinyesha. Alivitia vyote mkobani bila haraka. Kisha aliiinua kompyuta, akaibeba hadi chumba cha meneja, akaiweka mbele yake juu ya makaratasi yake.

"Ulisema mtu mwenye akili hashindwi na herufi," alimwambia. "Andika. Taja sababu, weka tarehe, weka jina lako lote. Nitaisoma neno kwa neno. Nikiridhika nayo nitaipokea, na nikitoka hapa naipeleka kwa yule mama mwenye miwani."

Alitoka, akakaa kwenye benchi la wageni, mkoba mapajani. Kwa miaka yote ya kazi hakuwahi kulikalia benchi lile, lilikuwa la watu wa kungojea. Lilikuwa gumu, na mguu mmoja mfupi. Kupitia mlangoni alimwona meneja amevua koti, kidole kimoja kikielea juu ya vitufe kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, kikishuka, kikifuta, kikielea tena. Jua lilitoka kwenye dirisha la kwanza likahamia la pili, na barua ilikuwa bado haijafika mstari wa tatu.

Dereva wa lori aliingia akipepea karatasi zake, vumbi la barabara hadi kwenye kope.

"Karani, nichapie hati ya mzigo, nimechelewa."

Hakunyanyuka. Alimwelekezea kwa kidevu, mle ndani.

"Karani ni yule."